Namna ya kuuliza bakaaji juu ya sura ya kijiji chao

Kama uko unafanya TFC (kazi ya kumaliza masomo ya chuo) hapa Bukavu juu ya mandhari ya vijiji, usiende ku vijiji vya Kabare na karatasi ya maulizo tu. Piga mafoto, zitandike mbele ya bamama na bazee, bazipange kuanzia ile banapenda sana, kisha uliza «juu ya nini?», kazi yenyewe iko hapo. Ona kijiji cha Hongcun, kule Anhui, China, kiliingia ku orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000: mtalii anapiga foto bwawa la nusu mwezi, mukaaji yeye anawaza mufereji wenye kupita mulangoni kwake, maji ya kufulia na kuzima moto. Uliza pia miti gani haikatwake, maana China ya kusini iko misitu nyuma ya vijiji yenye ililindwa juu ya fengshui (imani ya Wachina ya kuchagua na kupanga fasi ya kukaa ili ilete baraka). Vijana nao, uwaulize pembeni, mbele ya bazee batanyamaza.