SOMO: Aina ya namba kwa safu za ufunguo (PostgreSQL)

Swali «safu ya ufunguo katika PostgreSQL (programu ya hifadhidata) iwe ya aina gani ya namba?» linarudi kila mara. Soma mpaka chini kwanza, ndipo uulize.

1. Ufunguo (safu inayotambulisha kila mstari) ni namba nzima. Float (namba ya desimali) hapana.

2. SMALLINT ni baiti 2, inaishia 32,767. INTEGER ni baiti 4, inaishia 2,147,483,647. BIGINT ni baiti 8, hutaimaliza.

3. Hesabu namba zitakazotumika, si mistari itakayobaki. Sekwensi (kihesabio kinachotoa namba za ufunguo) hairudishi namba: muamala ukighairiwa, namba imekwenda. INSERT (amri ya kuingiza mstari) yenye ON CONFLICT DO NOTHING (ukigongana na uliopo, usiingize) nayo inakula namba hata isipoingiza kitu. Majaribio 20 ya kuingiza kwa sekunde ni namba 1,728,000 kwa siku, na INTEGER inaisha kabla ya miaka 3 na nusu. Malipo na mauzo: BIGINT tangu siku ya kwanza. Orodha ya majimbo yetu 26 ya Kongo (DRC): SMALLINT inatosha.

4. Safu inayorejelea ufunguo iwe ya aina ileile.

5. Kuhamisha INTEGER kwenda BIGINT. Hapa ndipo wengi wanaanguka.

ALTER TABLE malipo ALTER COLUMN id TYPE bigint;

Amri hii inaandika upya jedwali zima na kulifunga. Hakuna anayesoma wala kuandika mpaka iishe. Diski iwe na nafasi ya nakala ya pili pamoja na faharasa (index) zake. Umeme ukikatika katikati data inabaki salama, ila unaanza upya, kwa hiyo usiifanye bila betri ya kutosha. Halafu ANGALIA: kama safu iliundwa kwa serial (inayojiundia sekwensi), tangu toleo la 10 sekwensi yake ni integer. Safu imepanuka, sekwensi inagoma palepale pa zamani. Ongeza:

ALTER SEQUENCE malipo_id_seq AS bigint;

Mwisho, panua safu za majedwali yanayorejelea. PostgreSQL haitakukumbusha, itanyamaza mpaka namba ipite kikomo, ndipo utaona «integer out of range».

MASWALI

Birere, Goma: Mukubwa, nifanye namba ya simu kuwa ufunguo? INTEGER inaikataa.
— 243 (msimbo wa nchi) na tarakimu 9 ni tarakimu 12, haiwezi kuingia. Ukiandika 099, sifuri ya mbele inapotea. Na mteja hubadili laini. Weka text (maandishi) yenye UNIQUE (isijirudie), ufunguo uwe safu nyingine.

Lubumbashi: Nimefanya yote, bado inagoma.
— Sekwensi umeigusa?
Lubumbashi: Ile bado.
— Basi hukufanya yote. Hatua ya 5.

Kadutu, Bukavu: Yaya, BIGINT haitajaza diski?
— Swali zuri. Mistari milioni 10 ni megabaiti 40 zaidi, bila faharasa. Na mara nyingi hata hizo huzioni: integer ikifuatwa na timestamp (tarehe na saa, baiti 8), PostgreSQL inaacha baiti 4 tupu katikati ili timestamp ianze kwenye mafungu ya baiti 8. Ulikuwa unazilipia tayari. Panga safu za baiti 8 kwanza, kisha 4, kisha 2, text mwisho.

Kadutu, Bukavu: Aksanti sana. Na jedwali ambalo limeshaundwa?
— Mpangilio haubadiliki mpaka uunde jedwali jipya na kuhamishia data. Subiri siku ya hatua ya 5, uyafanye yote pamoja.