Mjusi wako asigandwe na baridi mwezi wa saba

Wakuu, kama unafuga yule mjusi wa ndevu wa Australia na unakaa Arusha, hasa huku juu Ngaramtoni na Sakina, shika hili kwanza: huyu mnyama hana joto lake mwenyewe, analichukua nje, kwaiyo akikosa joto hata alichokula hakisagiki, kinamuozea tumboni. Moshi mjini mna nafuu kidogo, sisi huku kuanzia mwezi wa sita jua linaweza lisionekane mpaka mchana na usiku unalala na blanketi mbili.

Mwaka jana niliamka nikamkuta wangu kawa mweusi mwili mzima, kalalia tumbo kwenye kona, macho kafumba, nampa mende hata hageuki. Kumbe umeme ulikata usiku. Ule weusi ndo njia yake ya kuvuta joto, ukiuona asubuhi usimlishe, mpashe kwanza.

Boksi, fundi seremala anakutengenezea la plaiwudi lenye kioo mbele, urefu futi 4, upana na kimo futi 2. Balbu ikae upande mmoja tu, maana anataka sehemu ya kuota yenye nyuzi 38 mpaka 42 na upande wa kupumzikia wenye 24 mpaka 27, akizidiwa anahama mwenyewe. Ile balbu nyekundu ya vifaranga ya wati 250 itamkaanga, anza na ya wati 60 mpaka 100, izungushie wavu asiiguse, na chini yake weka kipande cha kigae kinachoshika joto. Kipimajoto na themostati (kifaa kinachozima na kuwasha joto chenyewe) ulizia kwa wanaouza mashine za kutotolesha mayai, usikadirie kwa mkono jamani.

Usiku balbu zima, nyuzi 18 anazivumilia, ikishuka zaidi ndo unawasha hita ya kauri isiyo na mwanga. Umeme ukikata, chupa ya maji ya moto funga na taulo umuwekee pembeni. Jiko la mkaa ndani usithubutu, hewa yake inaua yeye na wewe.

Af kuna miale ya UVB, ile ya jua isiyoonekana kwa macho, bila hiyo kalsiamu haiingii kwenye mifupa, utaona vidole vinatetemeka na taya linalegea. Kioo kinaizuia, kwaiyo kuota dirishani hakusaidii. Taa ya kutoa UVB badilisha kila mwaka hata kama bado inawaka, na siku ya jua mtoe nje nusu saa kwenye tundu la wavu lenye kivuli upande mmoja.

Msosi ni mende na nyenje wasiozidi nafasi iliyo kati ya macho yake, wapake unga wa kalsiamu, na sukuma wiki kuliko mchicha. Kimulimuli hata mmoja asimeze, ana sumu ya kumuua.

Wangu siku ile ilimchukua karibu saa nzima, rangi ikaanza kufunguka njano kuanzia shingoni, akapanda kwenye kigae mwenyewe, akaachama mdomo kidogo, hapo ndo nikamletea mende wake.