Kufunga Ndoano ya Tela Kwenye Gari Dogo Ukiwa Nyumbani

Wenye magari madogo katika mikoa ya Mtwara na Lindi, kama vile Vitz, IST, Passo na Probox, hufikia wakati wakahitaji gari livute tela: la kupeleka maji shambani, la kushusha magunia ya korosho hadi ghala la AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima), au la kuitoa boti ya faiba ufukweni Mikindani na kuifikisha uani. Kazi ya kufunga ndoano inaweza kufanyika nyumbani kwa mtu aliyezoea kushika spana na asiye na haraka, lakini inamlazimu aelewe jambo moja kabla hajaanza: uimara wa ndoano hautokani na unene wa chuma chake, bali na mahali chuma hicho kinaposhikia gari. Barabarani huonekana ndoano nzito, zenye chuma ambacho kingefaa lori, zikiwa zimefungwa kwenye sakafu ya buti, ambayo kwa magari haya ni bati lisilofika hata unene wa milimita moja. Chuma hicho hakitavunjika kamwe. Kitakachotokea ni kwamba kitaondoka pamoja na kipande cha bati.

Anza na uzito, kwa kuwa ndio unaoamua kama kazi hii inafaa kufanyika. Tazama kitabu cha gari au kibandiko cha mtengenezaji, na ikiwa kimeandikwa kuwa gari halikuundwa kuvuta tela, heshimu maneno hayo. Kwa tela lisilo na breki zake, kanuni inayofuatwa Ulaya ni kwamba uzito wake pamoja na mzigo usizidi nusu ya uzito wa gari tupu, wala usizidi kilo 750 kwa vyovyote. Gari la kilo 1,000 hivi, kama IST, linabaki basi na kilo 500, na hizo huisha upesi kuliko watu wanavyodhani: madumu 20 ya lita 20 yakijaa maji ni kilo 400 kabla hujahesabu tela lenyewe. Magari yenye gia za CVT, yaani za otomatiki zinazotumia mkanda, yanahitaji tahadhari zaidi, maana mzigo mzito huyapandishia mafuta ya gia joto, na gia za aina hiyo hazivumilii joto la muda mrefu.

Ndoano iliyotengenezwa maalumu kwa aina ya gari lako ni bora kuliko ya kuundwa, hata ikiwa imetumika, kwa sababu mashimo yake yamepimwa yalingane na mashimo yaliyoachwa na kiwanda. Ndoano ya namna hiyo huwa na kibati kinachotaja uzito wa mwisho wa tela na uzito unaoruhusiwa kukandamiza kichwa cha ndoano. Ikiwa kibati hakipo, au kimepakwa rangi hadi hakisomeki, shusha matarajio yako. Kama huna budi kumwendea mchomeleaji, mpelekee gari lenyewe ili apime, kisha aunde mhimili wa kukingama na mikono miwili itakayofika kwenye chesisi, na uchomeleaji wote ufanyike mezani, mbali na gari. Usimruhusu achomelee ndoano moja kwa moja kwenye bodi. Moto huo hulegeza chuma chembamba cha chesisi, huunguza rangi ya kuzuia kutu kwa ndani ambako mkono haufiki, na tangi la petroli la magari mengi madogo liko hatua chache tu kutoka hapo.

Boliti, nati na washa zinunuliwe mpya. Kichwa cha kila boliti kiwe na alama 8.8, ambayo hutaja daraja la ugumu wa chuma chake. Boliti zisizo na alama yoyote, ambazo hujaa katika maduka ya vifaa vya ujenzi, zinafaa kwa geti na kenchi, si kwa kazi hii. Nunua nati zenye plastiki ndani, zile za kujifunga, kwa sababu barabara zetu za changarawe hulegeza nati ya kawaida bila dereva kujua.

Ardhi ya Mtwara mjini, na sehemu kubwa ya pwani ya Lindi, ni mchanga. Jeki ikiwekwa juu ya mchanga huzama upande mmoja na gari hulala, kwa hiyo tandika ubao mpana na mnene chini ya jeki na chini ya kila stendi. Funga breki ya mkono, zuia magurudumu ya mbele kwa kabari mbele na nyuma, inua nyuma ya gari, kisha uliteremshe lipumzike juu ya stendi mbili za chuma. Usiingie chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake, wala lililoegemezwa kwenye matofali ya saruji, kwa kuwa tofali hupasuka ghafla bila kutoa ishara. Litikise gari kwa nguvu kabla hujalala chini yake. Kisha ondoa waya hasi wa betri.

Toa mkeka wa buti, tairi la akiba na vifuniko vya plastiki vya pembeni. Bampa la nyuma kwa kawaida hushikwa na skrubu ndani ya matao ya magurudumu, klipu chini, na boliti chache juu karibu na mlango wa buti. Lifungue ukiwa na mwenzako, na uchomoe plagi za taa kabla hujalivuta. Ikiwa silensa inaziba njia, paka maji ya sabuni kwenye raba zake za kuninginia, uzivute zitoke, kisha ulishike bomba kwa waya ili lisining'inie likaumiza maungio ya mbele.

Sasa tafuta mihimili miwili ya chesisi, mmoja kila upande, inayotoka karibu na ekseli ya nyuma hadi kwenye bampa. Ni maboksi ya bati lililokunjwa, yenye uwazi ndani. Safisha tope na chumvi kwa brashi ya waya na utazame mashimo: mara nyingi kiwanda kimeacha mashimo yenye vizibo vya mpira, na mengine yana nati zilizochomelewa ndani tayari. Hayo ndiyo ya kutumia. Kile kipete cha chuma kilicho chini nyuma, ambacho gari hufungiwa likiwa melini, si mahali pa kushikizia ndoano. Gonga mihimili kwa bisibisi. Sauti iwe kavu na safi. Bisibisi ikizama au magamba ya kutu yakianguka, kazi iishie hapo hadi bodi ikarabatiwe. Kwa magari yaliyokaa miaka mingi karibu na bahari hili si jambo la nadra, na hakuna ndoano inayoweza kuponya chesisi iliyooza.

Pale ambapo huna budi kutoboa, kuna hatua ambayo mafundi wengi huiruka, nami nasisitiza isirukwe. Boliti ikipitishwa kwenye boksi lenye uwazi na kukazwa, kuta mbili za boksi huvutwa kuelekeana na kubonyea. Utahisi spana inaendelea kuzunguka, utadhani unakaza, kumbe unaponda chesisi; na baada ya safari chache boliti ileile italegea kwa kuwa bati limeendelea kubonyea. Dawa yake ni kipande cha bomba la chuma ndani ya boksi. Kwa boliti ya milimita 12, toboa ukuta wa mbali kwa biti ya milimita 13, na ukuta wa karibu uupanue uingize bomba lenye kipenyo cha nje cha milimita 20 hivi. Sukuma bomba hadi liegemee ukuta wa mbali kwa ndani, tia alama pale linapolingana na uso wa nje wa ukuta wa karibu, likate, na ulinganishe ncha zake kwa tupa hadi zikae sawasawa. Juu yake laza bamba la chuma la milimita 5 au 6, lenye upana wa kutosha kuifunika sehemu hiyo vizuri, ndipo upitishe boliti. Nguvu yote ya kukaza itabebwa na bomba, na boksi litabaki na umbo lake. Anza kutoboa kwa biti ndogo ya milimita 4, panda polepole, na kabla ya yote hakikisha kwa macho na kwa mkono kwamba nyuma ya ukuta hakuna waya, bomba la breki wala bomba la mafuta.

Kila shimo jipya ni mlango wa kutu. Futa vumbi la chuma lote, hata lililodondokea ndani ya boksi, paka kingo redioksaidi au rangi yenye zinki, iache ikauke kabisa, kisha pulizia ndani ya mhimili nta ya kuzuia kutu. Upepo wa bahari hautoi nafasi ya kulifanya hili baadaye.

Inua ndoano ukisaidiwa na mtu wa pili, ingiza boliti zote kwa mkono, na usikaze hata moja hadi zote zimeshika na mhimili wa ndoano umekaa katikati. Pima kutoka kila gurudumu la nyuma hadi kwenye kichwa cha ndoano, vipimo vilingane. Ndipo ukaze kwa zamu, kulia na kushoto, ukimalizia kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza. Fuata kipimo cha mtengenezaji. Kama hakipo, boliti ya milimita 10 ya daraja 8.8 hukazwa kwa takriban nyutoni-mita (Nm) 45, na ya milimita 12 kwa takriban Nm 80. Weka alama ya rangi inayovuka nati na bamba kwa pamoja, ili siku nyingine utazame tu ujue kama imesogea.

Kichwa cha duara kinachotumika katika nchi nyingi kina kipenyo cha milimita 50. Kipo pia cha inchi 1 na 7/8, karibu milimita 48, na tofauti hiyo ndogo ndiyo ya hatari: kikiingia kwenye kikombe cha tela (sehemu inayokifunika kichwa) cha milimita 50 kitaonekana kimekaa, kifungio kitajifunga, halafu tela litaruka kwenye tuta la kwanza. Soma namba iliyopigwa kwenye kichwa na kwenye kikombe. Kitovu cha kichwa kiwe kati ya milimita 350 na 420 kutoka ardhini gari likiwa na mzigo, ili tela lisimame sawa. Rudisha bampa, ukikata kwa msumeno mdogo kile tu kinachogusana na mhimili, na uhakikishe namba ya gari haijazibwa.

Umeme una nafasi yake. Soketi ya pini saba ya mpangilio wa Ulaya ina waya wa njano kwa indiketa ya kushoto, kijani kwa indiketa ya kulia, mwekundu kwa breki, mweusi kwa taa ndogo ya kushoto, kahawia kwa taa ndogo ya kulia, buluu kwa taa ya ukungu, na mweupe kwa athi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye bodi. Matela ya kuundwa mtaani hayafuati rangi hizi kila mara, hivyo pima kila waya kwa balbu ya majaribio kabla hujaunganisha. Usichukue umeme wa taa za tela moja kwa moja kutoka kwenye waya za taa za gari: balbu mbili za breki za wati 21 huongeza karibu ampea 3.5 kwenye waya na swichi ambazo hazikupangiwa mzigo huo. Tumia kisanduku cha rile (swichi zinazowashwa kwa umeme), kichukue umeme wake kwenye betri kupitia fyuzi ya ampea 15 iliyofungwa karibu na betri, na waya za taa za gari ziwe za kukiamuru tu. Athi ishikwe kwa boliti kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi, kisha ipakwe grisi. Hitilafu nyingi za taa za tela, kama vile indiketa moja kuwasha taa zote kwa mwanga hafifu, chanzo chake ni athi mbovu. Pitisha waya kwenye tundu lenye raba, na soketi iwe na kifuniko.

Tela likishafungwa, ipishanishe minyororo miwili ya usalama chini ya kikombe, ili likichomoka lidakwe lisichimbe lami. Panga mzigo sehemu kubwa kidogo ikiwa mbele ya ekseli ya tela, hadi pua ya tela, yaani ncha yake ya mbele, ikandamize ndoano kwa kati ya asilimia 5 na 10 ya uzito wote, pasipo kuzidi kiwango kilichoandikwa kwenye kibati. Mizani ya kupimia uzito wa mwili inatosha: iweke chini ya kikombe juu ya gogo, kwa kimo kilekile cha ndoano, usome. Pua ikiwa nyepesi mno, tela litayumbayumba ukiongeza mwendo. Ikilemea mno, magurudumu ya mbele, ambayo ndiyo yanayovuta na kuelekeza gari, hupoteza mshiko.

Fanya majaribio mahali tambarare kwanza, na ufikirie miteremko ya Newala siku nyingine. Anayeshuka kutoka uwanda wa Makonde na tela lisilo na breki aingize gia ndogo tangu juu, kwa sababu breki za gari dogo zikishapata moto katikati ya mteremko haziwezi kupozwa kwa kuzikanyaga zaidi. Tela nalo lisajiliwe TRA na liwe na namba yake, na kampuni ya bima ijulishwe kuhusu ndoano kwa maandishi.

Baada ya mwendo wa kilomita 100 hivi, kama kutoka Mtwara hadi Lindi mjini, rudia kukaza boliti zote kwa spana ya toki. Ukirudi ufukweni kushusha boti, osha ndoano, soketi na minyororo kwa maji baridi yasiyo na chumvi siku hiyohiyo, paka kichwa grisi, kivalishe kofia yake, na utazame zile alama za rangi kwenye nati.