Zaburi ya 104 kwenye magenge ya Nakuru: namna ya kumfundisha mtoto nje

Sisi tunaosomesha watoto nyumbani tuna mazoea ya kuwatoa nje, kisha tukawahubiria huko huko. Mtoto hajamtazama ndege sawasawa, keshaambiwa aliyemuumba ni nani. Mimi nashika utaratibu mwingine: macho kwanza, Neno baadaye.

Chukua Zaburi ya 104, ila usiimalize kwa siku moja. Mstari wa 18 unasema magenge ni kimbilio la wibari, na wibari, yaani pimbi, wanapatikana pale Baboon Cliff, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Nakuru. Usiku wa kuamkia safari usiwasomee mstari huo. Waandalie daftari lisilo na mistari, penseli, kofia, maji, na darubini kama mnayo.

Nendeni asubuhi na mapema. Mwili wa pimbi haudhibiti joto vizuri, kwa hiyo jua likitoka nao hutoka kuliota juu ya mawe, wamebanana. Hapo mnaruhusiwa kushuka garini, lakini chakula kibaki ndani na vioo vipandishwe, kwa sababu nyani hunyakua. Mdogo umshike mkono muda wote. Ukingo ule si wa kuchezea.

Mkishaketi, usiwaonyeshe mnyama. Waambie watafute madoa meupe kwenye mwamba. Ni mkojo uliokauka: pimbi hujisaidia mahali pamoja miaka nenda miaka rudi, na doa hilo ndilo linalowaambia wanapoishi. Kisha kimya, dakika tano kwa wadogo, kumi kwa wakubwa. Nani anakaa juu akilinda? Akipiga mlio, wenzake wanaingia wapi? Halafu wachore mguu, mguu peke yake. Una vidole vinne mbele na vitatu nyuma, na nyayo laini zenye unyevunyevu zinazoshika jiwe lililosimama wima. Ukiwaambia kwamba kinasaba pimbi yuko karibu na tembo kuliko panya, wape nafasi wabishane.

Sasa fungua Biblia, na asome mtoto. Uliza swali moja tu: kwa mnyama huyu asiye na pembe wala mbio za kutegemea, kimbilio ni nini? Jibu lolote watakalotoa, lipokee. Mahubiri yako yaweke kando.

Kiingilio kikiwashinda, kuna Menengai juu ya mji. Nendeni kwa kundi, mkae mbali na ukingo, mtazame mvuke unaotoka ndani ya kreta, kisha msome mstari wa 32, unaosema Mungu aigusapo milima hutoka moshi.

Jiandae pia kwa swali gumu. Mstari wa 9 unasema maji yamewekewa mpaka yasiupite, nao watoto wakiwa Baboon Cliff wanaiona kule chini migunga iliyokauka imesimama ndani ya ziwa. Usilikwepe. Waeleze kwamba mito kama Njoro, Makalia na Nderit inaingiza maji, lakini ziwa halina mto wa kuyatoa. Mvua zilipozidi kwa miaka kadhaa, likapanda. Chumvi ilipopungua, mwani unaoliwa na flamingo ukapungua, na wengi wao wakahamia Ziwa Bogoria na kwingineko. Baada ya hapo mtoto aandike swali lake kwa Mungu kwa maneno yake mwenyewe, chini ya mchoro wa siku hiyo, na tarehe. Usimsahihishe. Jioni mtakapoomba, mwache alisome kwa sauti.