Jinsi ya kufuatilia historia ya kikosi cha ndege za kivita cha Ujerumani (mfano: JG 27)

Mwezi uliopita mpwa wangu, yuko mwaka wa pili anasoma historia, alinijia na kompyuta kwapani. "Mjomba, huyu rubani alikuwa sehemu mbili siku moja." Nikacheka, maana ugonjwa huo naujua. Mimi uliwahi kunila usiku tatu mfululizo. Tukakaa, tukanyoosha, na haya ndiyo tuliyofanya. Nimetumia JG 27, kikosi cha Vita vya Pili vya Dunia kilichopata jina katika jangwa la Libya na Misri, lakini njia ni ileile kwa kila Jagdgeschwader, yaani kikosi kikubwa cha ndege za kivita, kwa kifupi JG.

Hatua ya 1: Chagua kikosi na kipindi

Kikosi kimoja, miezi michache. Usianze na "historia yote ya JG 27". Mpwa wangu alichagua Septemba 1942, akafanya vizuri.

Hatua ya 2: Jifunze kusoma jina la kikosi

Hapa ndipo watu huzama, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kikosi kikubwa ni Geschwader. Ndani yake kuna Gruppe, kwa kawaida tatu. Ndani ya kila Gruppe kuna Staffel, nazo mwanzoni zilikuwa tatu. Staffel moja kwenye karatasi ilikuwa na ndege 12, Gruppe kama 40, na Geschwader nzima ndege 120 na ushee. Nasema kwenye karatasi, kwa sababu jangwani mchanga ulikula injini na idadi ya ndege zilizoweza kuruka ilikuwa chini ya hapo mara nyingi.

Usitafsiri maneno haya. Programu ya simu itakuambia Staffel ni "msimu" au "mbio za kupokezana vijiti", kwa sababu Wajerumani wanalitumia neno hilohilo kwa tamthilia za televisheni na kwa riadha. Na ukiandika "skwadroni" utadhani inalingana na skwadroni ya Waingereza, wakati mpangilio wao ni mwingine kabisa. Hata neno "grupu" kwa Waingereza ni kitu kikubwa mno kuliko Gruppe. Acha Kijerumani kibaki Kijerumani.

Sasa namba. Gruppe huandikwa kwa namba za Kirumi, Staffel kwa namba za kawaida, na nukta baada yake. III./JG 27 ni Gruppe ya tatu. 3./JG 27 ni Staffel ya tatu, nayo iko ndani ya Gruppe ya *kwanza*. Mpwa wangu alikuwa amezichanganya hizi mbili, ndiyo maana rubani wake akawa na miili miwili. Hesabu ya mwanzo ni hii: Staffel 1, 2 na 3 ziko I. Gruppe, 4, 5 na 6 ziko II. Gruppe, 7, 8 na 9 ziko III. Gruppe. Ukiona mwandishi ameandika "Gruppe 3" bila kueleza, mshuku na mengine yote aliyoandika.

Ungedhani yameisha. Bado. Mwaka 1943 JG 27 iliongezewa IV. Gruppe, yenye Staffel 10, 11 na 12. Halafu mwaka 1944 kila Gruppe ikapewa Staffel ya nne, na namba zikapangwa upya: 1 hadi 4 kwenye I., 5 hadi 8 kwenye II., 9 hadi 12 kwenye III., 13 hadi 16 kwenye IV. Kwa hiyo 12./JG 27 ya mwaka 1943 iko IV. Gruppe, na 12./JG 27 ya mwisho wa 1944 iko III. Gruppe. Hizi ndizo siku zangu tatu zilikokwenda. Nilimfuata rubani mmoja wa Desemba 1944 kwenye viwanja vya IV. Gruppe, nikapekua orodha moja baada ya nyingine, nikafikia kuandika kwamba kumbukumbu zake zimepotea. Alikuwa III. Gruppe muda wote, mimi ndiye niliyepotea. Tangu siku hiyo siandiki jina la Staffel bila tarehe kando yake. Hata kwenye kipande cha karatasi.

Kuna mtego mwingine wa aina hiyo: vikosi vilivyobadilishwa jina. III./JG 27 haikuanzishwa upya kabisa, ilikuwa I./JG 1 hadi Julai 1940, ikapewa jina jipya. JG 26 nayo ilikuwa JG 132 hadi 1 Mei 1939, na kabla ya hapo JG 234. Ukitafuta "JG 26" kwenye nyaraka za 1938 hutaipata hata ukeshe.

Na usidhani Geschwader nzima ilikaa mahali pamoja. Julai 1941, I./JG 27 iko Libya chini ya Eduard Neumann, na III./JG 27 iko upande wa Urusi. Wakati huohuo 7./JG 26, Staffel moja tu iliyoongozwa na Joachim Müncheberg, imeletwa jangwani kusaidia. Kwa hiyo swali "JG 27 ilikuwa wapi?" halina jibu mpaka utaje Gruppe na mwezi.

Hatua ya 3: Tengeneza jedwali

Safu tano: tarehe, Staffel, uwanja, tukio, umelipata wapi. Mimi naanza kwenye kaunta buku kwa penseli, kisha naingiza kwenye Excel usiku. Vijana wananicheka. Lakini penseli inakulazimisha usome mstari mzima kabla ya kuuandika, wakati kunakili na kubandika kunabeba makosa ya mwenzako pamoja na koma zake.

Hatua ya 4: Tenganisha madai na hasara

Rubani akirudi akasema ameangusha ndege, hilo ni dai, hata kama wakubwa wake wamelithibitisha. Hans-Joachim Marseille, rubani wa 3./JG 27, ana madai 158, kati yake 151 ya Afrika. Mengine 7 aliyapata juu ya mfereji wa Uingereza kabla hajajiunga na JG 27, kwa hiyo usiyahesabu kwenye kikosi hiki.

Nyaraka nyingi za jeshi la anga la Ujerumani zilichomwa vita vilipokuwa vinaisha. Zilizobaki ziko Freiburg, kwenye hifadhi ya kijeshi ya Bundesarchiv, nyaraka za taifa za Ujerumani. Ndiyo maana mimi huanza na upande wa pili: shajara za skwadroni za Waingereza, ambazo ziko kwenye nyaraka za taifa za Uingereza, Kew, London, mfululizo wa AIR 27. Fomu 540 inakupa muhtasari wa siku, Fomu 541 inakupa nani aliruka, na ndege gani, saa ngapi. Nenda na namba ya skwadroni, usiende na jina la rubani.

Chukua 3 Juni 1942. Marseille alidai kuangusha ndege sita za kivita aina ya Tomahawk za Skwadroni ya 5 ya Afrika Kusini, karibu na Bir Hakeim, Libya, ndani ya dakika 11. Dai kama hilo lina tarehe, mahali na jina la mpinzani, kwa hiyo linapimika. Weka karatasi mbili ubavu kwa ubavu, hesabu ndege ambazo hazikurudi. Angalia saa pia: pande mbili hazikutumia saa moja kila wakati, na tofauti ya saa nzima si ajabu. Pia kuna madai ya uongo mtupu. Agosti 1942, kundi la marubani wanne wa II./JG 27 lilibainika kutunga ushindi.

Kinyume chake pia hutokea. Marseille alikufa 30 Septemba 1942 injini ya ndege yake mpya aina ya Bf 109 ilipotoa moshi. Aliruka nje ya ndege, akagonga mkia, mwavuli haukufunguka. Ukitafuta Mwingereza aliyempiga siku hiyo utatafuta hewa.

Hatua ya 5: Picha

Rangi ya namba ubavuni mwa ndege: nyeupe kwa Staffel ya kwanza ya Gruppe, nyekundu au nyeusi ya pili, njano ya tatu. "14 ya njano" ya Marseille inakuambia 3./JG 27 bila maelezo. Mstari mlalo nyuma ya msalaba ni II. Gruppe. III./JG 27 ilikuwa na ukaidi wake, kwa muda iliandika namba kwenye pua, urithi wa JG 1.

Nembo ya I. Gruppe, ramani ya Afrika yenye kichwa cha chui na cha Mwafrika, isikudanganye. Haikuchorwa Libya. Ilikuwa kwenye ndege tangu 1940, kikosi kikiwa Ulaya, kwa kumbukumbu ya makoloni waliyopoteza, na sisi Tanganyika tulikuwa mojawapo. Kwa hiyo picha yenye nembo hiyo si ushahidi kwamba ndege iko jangwani. Tazama chini, kama kuna nyasi au mchanga, ndipo uipe jina faili: 1942-09_3-JG27_mchanga. Tarehe itangulie.