Kusanifu Ukuta wa Mawe wa Kuvunja Mawimbi: Anza na Uzito wa Jiwe

Hatua hizi nilimpitisha mhandisi kijana wa halmashauri moja ya pwani ya Tanzania. Zinafaa kwa kuta ndogo zinazojengwa katika maji mafupi, mbele ya fukwe za mchanga.

Hatua ya 1: Kina cha maji. Pima sakafu ya bahari mahali ukuta utakaposimama, kisha hesabu kina wakati wa bamvua maji yakiwa yamejaa, si wakati wa maji mafu, yanapopanda kidogo tu.

Hatua ya 2: Uzito wa jiwe. Katika maji mafupi mawimbi makubwa huvunjika kabla ya kufika, kwa hiyo kina ndicho kinachoweka kikomo cha urefu wa wimbi. Kwa makadirio ya kwanza ya urefu huo mimi hutumia 0.6 ya kina. Kisha tumia kanuni ya Hudson, inayokadiria uzito wa jiwe lisilong'olewa na mawimbi: zidisha uzito wa mita moja ya ujazo ya jiwe kwa kipeo cha tatu cha urefu wa wimbi, chukua uwiano wa uzito wa jiwe kwa maji ya bahari, toa 1, uupandishe kipeo cha tatu, uzidishe kwa kotanjenti ya mteremko na kwa kigezo cha uthabiti (2 kwa mawe yenye kona, mawimbi yanapovunjika), halafu gawanya zao la kwanza kwa hili la pili.

Kina kikiwa mita 3.3, mteremko 1 kwa 2 (kupanda mita 1 kwa kila mita 2 za mlalo, yaani kotanjenti 2) na jiwe la kilo 2,650 kwa mita ya ujazo, utapata takriban tani 1.3. Mchanga ukichimbika nusu mita mbele ya ukuta, jiwe hilohilo linapaswa kuwa karibu tani 2. Ukichagua jiwe la matumbawe la kilo 2,200 kwa sababu machimbo yake yako karibu, utahitaji tani 2.8 kwa kina kilekile cha mita 3.3, na unafuu wa usafirishaji utapungua au kutoweka. Kwa hiyo pima sampuli za machimbo yenyewe kabla ya kuandika bei yoyote. Mimi hupendelea mawe magumu ya bara, na hesabu ya kwanza huifanya kwa mkono, kwa sababu programu huficha kipeo hicho cha tatu. Baadaye hakiki kwa kanuni za Van der Meer za 1988, ambazo huzingatia pia kipindi cha wimbi na upenyevu wa ukuta.

Hatua ya 3: Matabaka. Tabaka la nje liwe na unene wa mawe mawili. La chini yake liwe na mawe ya sehemu moja ya kumi ya uzito huo. Kitako kizamishwe chini ya kiwango ambacho mchanga unaweza kuchimbika, kwani kikihama, mteremko wote hufuata. Usipunguze gharama hapo.

Hatua ya 4: Kilele. Kiwe na upana wa angalau mawe matatu.

Hatua ya 5: Majirani. Pima ufuo pande zote mbili wakati wa kusi na wakati wa kaskazi kabla ya kujenga, kwa kuwa mchanga unaozuiwa na ukuta ndio unaokosekana upande wa pili.