Tangawizi kwa tumbo lililojaa gesi: namna ninavyoichemsha

Chai ya maziwa yenye tangawizi ni tamu, lakini siyo ninayompa mtu mwenye gesi au kichefuchefu. Maziwa yenyewe huwajaza wengine gesi. Huyu mpe tangawizi na maji, basi.

1. Chagua. Tafuta iliyo ngumu, nzito, isiyokunjamana. Iliyokomaa ina nyuzi nyingi na ukali zaidi. Naipenda hiyo, maana nyuzi zitabaki kwenye chujio. Yenye ukungu tupa yote.

2. Ponda. Kipande cha ukubwa wa kidole gumba kwa vikombe 2 vya maji. Osha, kwaruza ganda kwa ukingo wa kijiko (kisu hula nyama bure), kisha ponda kwenye kinu mpaka maji yake yatoke. Huna mbichi? Unga, robo kijiko cha chai kwa kikombe. Usizidishe: tangawizi ikikaushwa, sehemu ya gingeroli (kiini cha ukali wa tangawizi mbichi) hugeuka shogaoli, iliyo kali zaidi.

3. Chemsha. Maji yakichemka tia tangawizi, punguza moto, funika, acha dakika 10. Wengi huacha sufuria wazi, nyumba nzima ikanukia, na harufu hiyo ndiyo mafuta ya tangawizi yanayoondoka na mvuke. Ikiwa ya manjano hafifu na kooni inawasha kidogo, chuja.

4. Kunywa. Ikiwa vuguvugu, funda kwa funda. Kwa gesi, baada ya kula. Kwa kichefuchefu, kabla. Kikombe kimoja kinatosha, kingine baada ya saa kadhaa. Limau au asali ukipenda, ila mtoto chini ya mwaka mmoja haruhusiwi asali.

Wa kujihadhari. Mwenye kiungulia au vidonda vya tumbo anaweza kuzidiwa. Akiona kifua kinawaka, aache. Anayetumia warfarin au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda amuulize daktari kwanza. Mjamzito vilevile.

Kwa kuhara, tangawizi haizibi pengo la maji yaliyopotea. Tumia ORS (chumvi na sukari za kuchanganya na maji) ya dukani, au changanya lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Ukiona damu, choo cheusi, maumivu makali au kutapika kila unachomeza, acha sufuria uende hospitali.